Mama Mafuta na Kinundu Yenye Ililala Njiani

Nani kati yenu amesha ona muntu anatemea mate kivuli yake mwenyewe? Hakuna? Basi mukae muzuri, na weye Furaha sogea hapa karibu yangu, toa ile fulari ku shingo, hapa hakuna mugeni. Mimi nilimuona. Nilimuona na macho yangu haya mawili, wakati ilikuwa ingali inaona muzuri. Jua ilikuwa inashuka, kivuli yake ikapita juu ya mavi ya ngombe, ile ya majimaji, na yeye akasimama, akaiangalia vile, akafanya: "Tfu! Ona fasi inalala!" Kivuli yake, batoto! Akainua kikwembe yake ya kiuno, akazunguka, kivuli nayo ikazunguka, akaitukana mupaka akafika nyumbani.

Furaha, juu yako njo nasema hii habari. Munganga amekuambia wiki ijayo akukate ile kinundu chini ya kidevu. Ndoa iko karibu, na shangazi ya ule bwana yako alikataa kula ku sahani yenye ulishika. Nimesikia yote, musizanie masikio yangu nayo imekufa. Sikukatazi. Lakini mbele ya kwenda utasikia kwanza habari ya Mama Mafuta, na mwisho utaniambia kitu.

Jina yake siisemi. Sisi batoto tulimuita Mama Mafuta juu alikuwaka anatengeneza mafuta ya ngombe, ya kupika na ya kupakala mwili. Nani alimuzaa, babu yake alitokea kilima gani, mutauliza bengine. Mimi nilimukuta tu pale Masisi, wakati ya Babeleji, yeye ni mama mukubwa na mimi ni mutoto wa kukosa meno ya mbele. Kwetu tulikuwa bantu ya jembe, maharagi na ndizi. Kwao ni bantu ya ngombe. Katikati yetu kulikuwa kijito moja tu. Mama yangu alikuwaka ananituma na kikapo ya maharagi, navuka maji, nabadilisha na mafuta, narudi nimelamba nusu ya majani yenye ilifungwa nayo.

Kuchukia kwake ilikuwa kazi ya siku nzima. Bantu bengine banaamka banasali, yeye alikuwaka anaamka anatema. Mawese yenye ilitoka Walikale, ile nyekundu nzuri, yeye aliita damu ya muti. Nyama ya nyani ya pori ya kukausha, ile bachuuzi balipandisha toka Kashebere mu vikapo, alisema mikono yake inamupungia. Samaki ya kukausha: "Inaniangalia, nami niikule? Inajua uso yangu!" Kuku je? "Kuku anakula mavi, muntu anakula kuku. Basi muntu ni nini?" Mayai ndiyo musiseme. Siku moja mama yangu alimupa mayai tatu ya zawadi, na roho nzuri kabisa. Mama Mafuta akaishika na vidole viwili, sawa vile munashika panya ya kufa.

"Mama, hii kitu inatokea wapi?"

"Ku kuku, Mama."

"Najua ni ku kuku. Kuku fasi gani?"

Mama yangu akafunika mdomo na kikwembe. 

"Sema tu! Inatokea fasi gani ya kuku?"

Mama yangu alicheka mupaka akakaa chini. Sisi kwetu tulikula ile mayai, na kila nilipotafuna nilisikia ile swali yake. Mupaka leo nikipasua yai naisikia.

Hata mu kanisa. Pale ku mulango kulikuwa bakuli ya maji ya baraka, kila muntu anaweka kidole, anafanya alama ya musalaba, anaingia. Yeye aliinama, akachungulia ndani, akasema kwa sauti yenye hata Papa Katekista kule mbele alisikia: "Vidole ya bantu mia, na kila kidole najua ilitoka mu pua gani." Alifanya alama yake na kidole ya kukauka. Papa Katekista alimuita kiisha misa.

"Mama, unachukia maji ya Mungu?"

"Ya Mungu sichukii, Papa. Nachukia yenye bakristo babakisha."

Lakini juu ya vyote, juu ya kuku, juu ya samaki, juu ya bakuli ya kanisa, kulikuwa kondoo. Mushike ile, batoto, musiisahau. Bantu ya ngombe ya wakati ile habakukula kondoo. Kondoo anatembea katikati ya ngombe, analala nazo, ni sawa mutulivu wa nyumba, na nyama yake kwao ilikuwa haya na uchafu pamoja. Mutu akikula, anajificha sawa muizi. Sasa siku moja tulikuwa na sikukuu kwetu, mutoto ya baba mudogo alibatizwa, na mujomba moja wa mikono mirefu akatia nyama ya kondoo mu sufuria ya mbuzi, akisema nani atajua. Mama Mafuta alikuwa angali huko chini ku kijito, na zawadi yake ku kichwa. Akasimama. Pua ikapanda. Akageuka na zawadi yake, akarudi. Siku tatu nzima alikuwaka anasukutua mdomo juu ya moshi ya sufuria yenye hakuona hata na macho. Ile mujomba alipokutana naye ku njia, alimuambia: "Weye, usipumue upande yangu."

Sasa munazania alikuwa muntu safi. Eeh! Hapo njo furaha yangu inaanzia.

Vibuyu yake ya maziwa aliosha na mukojo ya ngombe. Ndiyo, Furaha, mukojo, usifunike mdomo. Asubuhi, ngombe akiinua mukia, yeye anakimbia na chungu, anakinga yote, ingali na moto na povu juu. Anasuuza kibuyu, anamwaga, anapitisha moshi ya majani ndani. Mama yangu alimupa kipande ya sabuni siku moja. Aliinusa, akairudisha. "Hii mulitengeneza na mafuta ya nini? Hamujui. Basi njo uchafu. Ngombe yangu namujua, najua anakula nini, najua anakunywa wapi. Bwana yako unamujua vile?"

Na mara ngapi nilimuona ngombe akizaa! Mutoto ya ngombe anaanguka chini, amejaa kamasi, hapumui. Bana-ume banatafuta majani ya kupangusa. Mama Mafuta anasukuma bote kando, anapiga magoti mu damu na mu maji, anaweka mdomo yake juu ya pua ya ndama, ananyonya. Ananyonya kamasi, sikiliza muzuri, anajaza mashavu, anatema kando, ananyonya tena. Mupaka ndama inapiga chafya mu uso yake. Kiisha anasimama na ile uzi ya kamasi inaning'inia ku kidevu, inagusa ile kinundu, na ananiona mimi na jani yangu ya mafuta, na anasema: "Mutoto, unalamba vidole? Tfu! Huna haya?"

Roho yangu inachafuka nikisema hii, na bado napenda kuisema. Mafuta yake lakini, batoto, mafuta yake haikunuka hata siku moja. Ya bengine ilinuka sawa kidonda. Yake ungeweza kuiweka ku mdomo ya mutoto mwenye alizaliwa leo.

Na sasa ile kinundu.

Kule kwetu rovu, ile uvimbe ya shingo, haikuwa ajabu. Mama tatu bakikaa, babili bako na rovu, chini hapa, ku shina ya shingo, inaning'inia kushoto na kuume. Dada yangu mukubwa alikuwa nayo, alivalisha shanga juu yake, na bana-ume balisema shanga inalala muzuri. Rovu ilikuwa sawa pua: kila muntu na yake. Hakuna mwenye alikataa sahani ya muntu juu ya rovu.

Lakini ya Mama Mafuta haikuwa chini. Ilikuwa juu, katikati kabisa, chini ya kidevu, mviringo sawa yai ya bata. Na chini yake, pale rovu ya bengine inakaaka, shingo yake ilikuwa tupu, laini sawa ya mutoto. Alipokunywa maziwa, ile kinundu ilipanda ikashuka sawa panya mu mufuko. Alipotoa ulimi, inaruka. Sisi batoto tulimuomba: "Mama, toa ulimi!" Na yeye, mwenye alichukia dunia nzima, anatoa ulimi, lee! Kinundu inaruka, sisi tunaanguka chini. "Hii ni mutoto yangu ya mwisho," anasema, "alikataa kutoka. Ako muzuri pale, anasikiliza nyinyi mukisema ujinga."

Bantu bakubwa habakucheka. Balisema rovu ni ya shingo, lakini ile, pale juu, chini ya mdomo, imetoka wapi? Balisema ni mate. Muntu akitema mingi vile, mate yenye inabaki inajikusanya. Mutaona namna hakuna mwenye alifikiri shingo ile ya chini, namna ilikuwa tupu. Sote tuliangalia kile kulikuwa, hatukuangalia kile kulikosa. Hata mimi.

Balimutibisha, lakini, musizanie hapana. Muzee moja alitokea upande ya Mweso na pembe yake ya kunyonya damu. Ile pembe! Ilikuwa nyeusi ndani, na damu ya kukauka ya bantu yenye sijui balikufa lini, na inzi zake zilitembea naye sawa batumishi. Alipakala kinundu mavi ya kuku na majivu ya moto, Mama Mafuta amefumba macho, meno anauma, juu ya kuku yule yule. Muzee akachanja, akaweka pembe, akanyonya. Akatoa ku mdomo kitu, akakionyesha bantu: "Nimetoa muzizi." Mama Mafuta akaangalia, akasema: "Hii ni kipande ya ndizi ulikula asubuhi. Tfu." Akamufukuza na fimbo ya ngombe, pembe na inzi na yote.

Kiisha ile hakutafuta tena dawa. Kinundu haikumuuma. Alikuwa na nguvu sawa bana-ume mbili, alipanda kilima na vibuyu nne bila kupumzika. Ilikuwa ya kazi gani kutafuta?

Basi mutoto wake mwana-ume, moja tu alikuwa naye, akaoa. Bibi yake akazaa. Kwao ilikuwa desturi nyanya ya mutoto, mama ya baba, njo anaweka kidole ya kwanza ya mafuta mu mdomo ya mutoto, mbele ya bantu yote. Mama Mafuta alingojea ile siku sawa vile bengine banangojea mbingu. Alisukasuka maziwa mwenyewe, alichagua maziwa ya ngombe yake ya kwanza, aliosha mikono mara sijui ngapi. Mimi nilikuwa pale, nilikuwa sasa kijana mwana-muke, nilisha ombwa kwa bwana kule Buleusa. Nilishika jani.

Alichovya kidole. Akakiweka ku mdomo ya mutoto. Mutoto akanyonya, weee, akanyonya na sauti.

Na mama ya bibi, mukwe yake, akasimama. Akachukua mutoto ku mikono yake. Akashika ncha ya kikwembe, akapangusa ile mdomo kidogo. Akapangusa ndani, na kidole, mupaka mutoto akalia. Akasema: "Samahani, Mama. Hatutaki ile kitu imuote."

Nilingojea "tfu". Bantu yote balingojea. Haikutoka. Mama Mafuta aliangalia kidole yake, ingali na mafuta, hakujua aipeleke wapi. Mwisho alipangusa ku majani, polepole, sawa muntu mwenye alishika uchafu.

Kiisha siku chache alienda ku lopitalo. Gani, sisemi, ilikuwa mbali, alipelekwa mu kamio, ile gari kubwa ya mashamba. Munganga muzungu akagusa na vidole, akasema ni kifuko cha maji tu, kazi ya asubuhi moja. Na kweli, nisiseme uongo, alishona muzuri. Alirudi na shingo ya kulala, na kovu ndogo sawa ukucha. Alipita katikati ya soko, kidevu juu, bila fulari, ule mukwe akampa mutoto amubebe. Batoto balimuambia: "Mama, toa ulimi!" Alitoa. Hakuna kitu iliruka. Yeye alicheka peke yake.

Mimi nilienda Buleusa, kule Walikale, kwa bwana yangu. Kule nilijifunza kukula mawese na nyama ya mikono ya kupungia, na nikazaa mutoto wangu wa kwanza, baba yenu mukubwa. Miaka mbili ilipita, ao karibu vile. Nikarudi kusalimia mama yangu, mutoto ku mugongo, na asubuhi ya pili nikavuka kijito.

Nilikuta muntu anakaa ku jua na mablangeti mbili. Jua kali, batoto, jua ya kukausha maharagi. Uso ilivimba sawa bugali ya kulala. Ngozi ya mikono ilikuwa maganda, ukiigusa inaanguka ku mavazi sawa pumba. Nyusi ilikwisha, nusu ya inje yote haiko. Nilizania ni nyanya ya muntu mwingine. Kiisha akasema jina yangu, na sauti ilitoka sawa mulango ya zamani, polepole, polepole, ungeweza kuvuna viazi katikati ya neno na neno.

Harufu, sisemi. Nasema. Hakuoga. Vibuyu ililala pale na maziwa ya juzi ndani, inatoka povu ya kijani, hakuna mwenye alipitisha moshi. Bibi ya mutoto wake aliniambia ku sikio kwamba analala muchana na usiku, kwamba choo anaenda mara moja mu wiki, na analia juu yake. Mimi mwenyewe niliziba pua. Mimi! Mbele ya Mama Mafuta!

Alikuwa na kikombe ya maziwa ku mukono. Inzi akaanguka ndani. Inzi mukubwa, ule wa bluu, ule wa mavi. Akaogelea.

Nikasema: "Mama, inzi."

"Eeh."

"Inzi iko ndani ya maziwa, Mama."

"Naiona," akasema. Na akakunywa.

Akakunywa yote. Niliona koo yake inameza, laini, bila panya mu mufuko. Akapangusa mdomo.

Nililia pale pale, mutoto ku mugongo akalia naye. Mutoto wake mwana-ume akatoka ndani akikimbia.

"Nini, dada? Nini?"

"Mama yako amekunywa inzi!"

"Ni uzee, dada. Tumezoea."

"Uzee? Nyanya yangu alizeeka mupaka meno ikaisha, hakukunywa inzi! Na huyu ni Mama yako! Huyu alichukia mayai! Huyu alichukia kivuli yake! Weye unakaa hapa unazoea, na yeye hayupo tena ndani!"

Nilimutukana mingi, yenye mutu hapashwi kutukana mwana-ume mu rugo, mu nyumba yake mwenyewe. Lakini ilimuamsha. Kesho yake balimuweka mu machela, bana-ume nne, bakamushusha mupaka Kashebere, juu kulikuwa na enfirmye mweusi, musaidizi wa munganga, kijana, mwenye balisema anasikiliza. Mimi nilifuata nyuma.

Enfirmye hakugusa kwanza. Aliangalia. Aliona ile kovu.

"Hapa kulikuwa nini?"

"Kinundu," nikasema. "Balikata."

"Na huku chini, kulikuwa na rovu?"

"Hapana. Chini hakukuwa kitu. Ilikuwa tupu kila siku."

Akaweka vidole vyake ku shina ya shingo, akatafuta, akamuambia ameze, akatafuta tena. Akakaa chini ku kiti, akatoa kofia.

"Sikiliza, dada. Kila muntu iko na nyama ndogo hapa chini ya koo. Ile yenu ya rovu njo hiyo hiyo, imenona tu. Inalinda moto ya mwili, na nguvu, na akili. Mutoto akiwa angali mu tumbo ya mama yake, ile nyama inaanzia nyuma ya ulimi, kiisha inashuka, inashuka. Ni safari. Sawa muntu mwenye anatoka Masisi anaenda Walikale. Sasa ya huyu Mama ilichoka njiani, ililala hapa Kashebere. Haikufika. Lakini pale ililala, ilitumika. Munganga aliikuta ku njia, akazania ni mugeni, akaifukuza. Hakutafuta kama chini kuko mwingine. Hakukuwa mwingine. Ule ule njo alikuwa mwenye nyumba."

Mutoto wake akauliza: "Na tutairudisha namna gani?"

"Hairudi. Lakini kuko dawa. Atameza kila asubuhi, mupaka kufa kwake."

Aliandika barua kwa munganga mukubwa, dawa ikakuja, vidonge vidogo vya rangi ya udongo. Mama Mafuta alimeza bila kuuliza. Angemeza hata jiwe. Mimi nikarudi Buleusa na moyo mwembamba.

Mavuno ikapita, na ingine. Nikapanda tena Masisi, mutoto sasa anatembea, kamasi mbili ku pua sawa kawaida ya batoto. Nilikuwa ningali ku kijito, mikono mu maji, nikasikia toka juu kule: "Tfu! Hii kamasi ni ya nani? Pangusa mutoto, weye! Huko Walikale hakuna majani?"

Nilikaa chini mu maji. Nilicheka, nililia, kikwembe ikaloa yote. Alikuwa amesimama ku kilima, mwembamba, nyusi imerudi, kibuyu ku mukono, na mukojo ya ngombe inanuka mupaka kule chini. Sikusikia harufu nzuri kupita ile ku maisha yangu.

Alinikalisha, akanipa maziwa ya moshi. Kiisha akatoa ka kopo, akatoa kidonge moja, akakishika na vidole viwili. Ile namna yake ya mayai, munakumbuka? Uso ikageuka kando.

"Unajua hii ni nini?" akaniuliza.

"Dawa, Mama."

"Inatokea wapi?"

"Ku enfirmye."

"Najua ni ku enfirmye! Mbele ya enfirmye?" Akainama ku sikio yangu, sawa muntu anaungama. "Siku akili ilirudi, nilimuuliza. Hakutaka kusema. Nilikaa ku mulango yake mupaka aliponiambia. Ni shingo ya kondoo, mwanangu. Bazungu banakausha shingo ya kondoo, banasaga. Mwaka muzima nilikuwa nakula kondoo, na sikujua!"

"Ulifanya nini?"

"Nilitupa kopo mu choo! Nilisema heri kufa. Kiisha wiki chache, baridi ikarudi. Asubuhi moja nikaona inzi mu kikombe, na moyo yangu haikufanya kitu. Haikuruka. Niliogopa, mwanangu. Sikuogopa kufa, niliogopa ile inzi. Nikamutuma mutoto akimbie Kashebere kutafuta kopo ingine."

Akaangalia kidonge. "Weye kondoo mubaya," akakiambia, "weye haya ya baba yangu." Akakitia mu mdomo, akasukuma na maziwa, mwili muzima ikatetemeka, machozi ikatoka. Akatema chini mara tatu.

"Kila asubuhi vile," akasema. "Siku mutasikia nimemeza bila kuchukia, mukimbie muite enfirmye."

Mutoto wangu akaenda kukaa ku miguu yake na kamasi yake, na yeye akaipangusa na kidole, ile kidole ya mafuta, akinuna. Kiisha akagusa kovu.

"Nilichukia kila kitu yenye Mungu aliumba," akasema. "Ile kinundu sikuichukia hata siku moja. Ile ya kuichukia, ni bengine balinifundisha. Siku moja tu, na kikwembe moja. Na mimi nikawa mwanafunzi muzuri."

Ile njo mara ya mwisho tulikaa naye. Nilipovuka kijito nilimusikia bado, anatukana kuku yangu ya zawadi.

Basi, Furaha. Leo iko ile mashini ya kuangalia ndani, ekografi, hawakati tena na giza. Toa mukono ku shingo. Mimi nimegusa yako ukiwa umelala, na nimegusa huku chini, na vidole vyangu ni vya zamani, havijui. Nimesema utaniambia kitu. Niambie.

Na yeye, batoto munashuhudia, alifungua fulari, akaiweka ku magoti yangu, akasema hivi: "Koko, nyanya yangu, nakuahidi. Munganga akishika kisu, mimi nitashika mukono yake kwanza, nitamuuliza: chini kuko ingine? Akiniambia hajui, nitashuka ku kitanda, nitaenda ku ndoa na kinundu yangu, na ule shangazi akipangusa sahani, nitatoa ulimi aone inaruka."